Kendo: Wimbo Nilioupigia Vigelegele

Nyinyi vijana mnaokimbilia kutangaza "mimi ndiye niliyewagundua hawa" kila bendi changa inapotoa wimbo, hebu tulieni niwaambie kitu. Neno hilo la kugundua limenilisha miaka mingi, na mwishoni likanitoa jasho mbele ya watu. Bendi haigunduliwi, wanangu. Ilikuwepo. Ilikuwa inafanya mazoezi kwenye chumba cha mtu, jirani anagonga ukuta, mwenye nyumba anatishia kuwafukuza, na wewe ulikuwa umelala.

Nilikuwa mtangazaji wa redio hapa Kisumu. Sasa nimestaafu, nakaa nyumbani, mtaa wa Kaloleni nilikozaliwa, na mke wangu Saida ananiambia nimekuwa mtu wa kuzungumza na birika. Kipindi changu kilikuwa Jumamosi alasiri, na kazi yake ilikuwa moja: nyimbo mpya za bendi za roki na popu ambazo hazina kampuni wala tajiri nyuma yao. Watoto wanaojirekodi wenyewe na kujisambaza wenyewe. Watu walikuwa wakinicheka. Roki, Kisumu? Kwenye mji wa benga na rumba? Nikawaambia nendeni Maseno siku za masomo, mkae nje ya mabweni jioni, mtasikia gitaa za umeme zinavyolia.

Wanamuziki wakanibandika jina, Mzee Masikio. Nikalipenda, astaghfirullah, nikalivaa kama koti la Idi. Hata kadi ya harusi ikija nyumbani imeandikwa jina langu halisi, nilikuwa naona kama wamenipunguzia.

Aliyenifundisha kusikiliza alikuwa Mzee Ogola, aliyekuwa akiuza kanda sokoni Kibuye, enzi ambazo wimbo mpya ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Alikuwa na redio kaseti moja yenye spika iliyopasuka, na hakukubali kuitengeneza. "Wimbo ukiwa mzuri kwa hii takataka," alikuwa akisema, "kwa redio ya mtu utakuwa mzuri zaidi." Alinifundisha pia nisiseme wimbo ni mzuri mpaka niusikie mara ya pili nikiwa na njaa. Ukiwa umeshiba samaki kila kitu ni kitamu. Hilo lichukueni, halina gharama.

Mengine niliyaokota njiani. Bendi ikikutumia nyimbo nne, anza na ya tatu. Ya kwanza ni ile waliyoitengeneza ili wakupendeze, ya mwisho ni ile waliyoambiwa na rafiki zao kwamba ni nzuri, lakini ya tatu ndiyo wao wenyewe. Usiende kuwatazama kwenye tamasha. Nenda kwenye mazoezi, uone wakikosea wanagombana au wanacheka. Na ukiona anayeimba ndiye anayesaidia kubeba ngoma za mpiga ngoma, hiyo bendi itadumu.

Msidhani nilikuwa sikosei. Kuna kikundi cha mtaa wa Migosi kilichokuwa kikirekodi kwenye chumba cha kupanga, wametundika magodoro ukutani ili sauti isitoke. Waliniletea wimbo, katikati gitaa linanguruma kama nyuki waliochokozwa. Nikausifu hewani: jamani, sikilizeni ubunifu, huu ni mtindo mpya kabisa! Jumatatu mpiga gitaa akanipigia simu, kijana mpole, akasema, "Buda, asante sana. Lakini ile ilikuwa waya mbovu." Katika wimbo wao mwingine jogoo wa jirani aliwika, wakamwacha, na wasikilizaji wakawa wanapiga simu kuomba "ule wimbo wa jogoo". Makosa ya namna hiyo yanachekesha, mtu anayabeba bila uzito.

Hili jingine sijaweza kulicheka. Mji mzima unalijua, kwa hiyo si siri ninayowafunulia. Nataka tu mlisikie kutoka kwangu.

Kulikuwa na bendi ya watoto watatu wa chuo, Maseno, iliyojiita Gugumaji. Nilimuuliza msichana wao, anayeimba na kupiga gitaa, kwa nini wajiite jina la magugu yanayoziba ziwa. Akanijibu, "Kwa sababu hakuna mtu alitupanda, Baba, na bado tunaenea." Huyo ndiye Adhiambo. Alikuwa mtoto wa maneno machache, sauti yake nzito kidogo, na akiimba hukunja uso kama mtu anayechomoa mwiba. Nilipiga wimbo wao wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na wa pili vilevile. Nikawa nawaita hewani "wanangu".

Basi Jumamosi moja, nikiwa nimeshaingia studio, simu ikalia mlio wa ujumbe. Wimbo mpya wa Gugumaji, na maneno mafupi ya Adhiambo: "Baba, hii inaitwa Kendo. Nipigie kabla hujaicheza, tafadhali."

Sikupiga. Kulikuwa na kijana wa stesheni nyingine aliyeanza kunishinda mbio, na mimi nilikuwa na ugonjwa wa kuwa wa kwanza. Nikausikiliza nusu, kwa sikio la kushoto tu, huku tangazo linaendelea. Wimbo ulikuwa mzuri. Gitaa moja, polepole, halafu ngoma zinaingia kwa kishindo, na yule mtoto anaita, kendo, kendo, kendo.

Sasa niwaeleze kuhusu Dholuo yangu. Mimi ni Muislamu wa mjini. Babu alikuja na biashara kutoka pwani, nyumbani tunazungumza Kiswahili. Dholuo yangu ni ya sokoni. Najua kununua samaki, kusalimia, kuagana, na kutukanana kidogo panapobidi. Lakini nilikuwa nimejitangaza mtoto wa Kisumu kiasi kwamba nisingeweza kumuuliza mtu maana ya neno. Na neno hili nililijua, au nilidhani nalijua. Kendo ni kuoa. Nimehudhuria harusi ngapi za majirani? Nimelisikia neno hilo tangu utotoni.

Kumbe Dholuo ina kendo nyingine, inayotoka kooni kwa namna tofauti kidogo, na mwenye lugha hakosei hata akiwa usingizini. Hiyo ya pili ni meko, mafiga matatu ya mwanamke jikoni mwake. Mtu akizungumza, utaisikia tofauti kama una sikio. Akiimba juu ya gitaa la roki, sauti inapinda, na asiyejua atadaka ile anayoitaka.

Mimi nikadaka ya harusi. Nikafungua maikrofoni nikapaza sauti: "Kisumu! Vijana wetu wa Gugumaji wanataka kuoa! Mnasikia? Kendo! Mabibi harusi mko wapi?" Nikauachia wimbo. Kwenye kompyuta ya studio tulikuwa na sauti za kutilia chumvi, makofi, kicheko, na kadhalika. Nikabonyeza vigelegele. Ngoma zilipopanda nikaongeza honi za msafara wa harusi. Mwisho wa wimbo, pale Adhiambo anabaki peke yake na gitaa, nilimfunika kabisa kwa vigelegele na honi, na mimi mwenyewe nikipiga makofi mle ndani.

Simu zikamiminika. Huyu anamsalimia mchumba wake wa Ahero, yule anamwambia mkewe yuko njiani. Nikawa nachekacheka. Halafu ikaingia simu ya mama mzee, sauti inatetemeka, nyuma yake kimya cha watu wengi waliokaa pamoja.

"Wewe ni mtu ya redio?"

"Ndiye mimi, Mama! Unamsalimia bibi harusi gani?"

"Hapana, si harusi. Mimi niko Bondo. Huyo mtoto anaimba kendo ya mama yake. Ile mawe ya jikoni. Mama yake tumezika, jiko imebaki baridi. Hiyo ndiyo anaimba. Sasa mimi nilikuwa nataka kukuambia..."

Nikamkata.

Wanangu, vidole vyangu vilifanya kabla sijafikiri, lakini vidole ni vyangu. Nikabonyeza tangazo la godoro. Na tangazo lilipokwisha, nikasema hewani, kwa ile sauti yangu ya asali, "Samahani wasikilizaji, laini zetu za simu leo zina matatizo kidogo." Mama Pendo, fundi mitambo wetu, alikuwa upande wa pili wa kioo. Aliniangalia, akavua vipokea sauti masikioni, akaviweka mezani. Nilimaliza kipindi nikicheka, na mgongo wangu umelowa jasho.

Mnajua mambo ya mji. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshakuwa kichekesho. Muuza mahindi ya kuchoma aliniita, "Mzee Masikio, unaoa lini?" Hilo nilistahili, na lingepita. Ilikuwa kesho yake, nilipokwenda kuutafuta wimbo mtandaoni niuandikie maneno mazuri, ndipo nilipokuta haupo. Umeondolewa. Nikampigia Adhiambo. Alipokea baada ya kuniacha nihangaike.

"Baba, nilikuandikia unipigie kwanza."

"Najua, binti yangu. Niliharakisha."

"Hiyo ya kuoa, sawa. Watu watacheka wachoke. Lakini ile simu ilikuwa ya Dani, nyanya yangu. Niliwaambia watu wa nyumbani wakae na redio wamsikie Mama. Majirani walikuja. Wakasikia honi. Halafu Dani akapiga kukueleza, ukamkatia."

"Binti yangu, laini zilikuwa..."

"Baba."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nimeiondoa hiyo ngoma kila mahali," akasema. "Na mimi nimeacha. Brayo na Ochieng' watafute mtu mwingine wa kuimba."

Nilimweleza Saida jikoni, nimesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamwambia nitatuma ujumbe mzuri wa kuomba radhi. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Umemvunjia heshima mama wa watu hewani, kila mtu anasikia, halafu utaomba msamaha kwa kidole? Msamaha unafuatwa kwa miguu, Baba Zuhura." Akaenda kutafuta kanga yake.

Tukaenda Bondo, sisi wawili, na sukari, majani ya chai na mikate, kwa sababu nyumbani kwa watu hakuendwi mikono mitupu. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Mimi bwana nimezungumza na mawaziri, nikajiambia bibi mmoja wa kijijini hatanishinda.

Tulimkuta amekaa nje ya nyumba yake, mdogo wa mwili, kitambaa kichwani. Adhiambo alikuwa akiosha vyombo. Aliinuka akamkumbatia Saida, akaniletea kiti, akarudi kwenye vyombo bila kuniangalia. Ng'ambo ya ua kulikuwa na jiko dogo, mlango wazi. Niliyaona mafiga matatu, yamefagiliwa safi, hakuna hata chembe ya majivu. Sikuhitaji kuambiwa ni la nani. Nilishindwa kuliangalia mara ya pili.

Nikasimama nikaanza. "Mama yangu mpendwa, nimekuja mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa, kufuatia hitilafu iliyojitokeza katika matangazo yetu..."

"Hiyo ni Kiswahili ya redio," akasema Dani. "Mimi sisikii hiyo. Keti chini, sema tu."

Nikaketi. "Nilikukata, Mama. Laini haikuharibika. Ni mimi niliyebonyeza. Niliona aibu mbele ya watu, nikakunyamazisha wewe."

"Hiyo nimesikia." Akarekebisha kitambaa chake. "Hii ya neno, mimi sina kesi na wewe. Wewe si mtu wa lugha yetu, hata mtoto wa hapa anakosea. Lakini mtu mzima akizungumza, unangoja amalize. Kwenu si iko hivyo?"

"Iko hivyo, Mama."

"Sasa nimalize maneno yangu?"

Nikasema amalize. Nilijiandaa kwa laana, kusema kweli. Nilikuwa nimeziota laana zake usiku kucha.

"Nilikuwa nataka kukuambia, asante kwa kucheza hiyo wimbo. Mtoto ameimba vizuri. Lakini mwisho hatukusikia, kelele ilikuwa mingi. Mwisho ndiyo anaita jina la mama yake. Nilikuwa nataka kukuomba: *goye kendo*."

Nikamwangalia. Dholuo yangu ya sokoni ilinishinda tena. Kendo ipi sasa, ya kuoa au ya jikoni? Adhiambo ndiye aliyenijibu, amenipa mgongo, mikono ndani ya maji.

"Hiyo ni kendo ya tatu, Baba. Ni 'tena'. Alikuwa anakuomba uicheze tena."

Basi nikalia. Mtu wa umri wangu, mbele ya mke wangu na wenyeji, nililia bila kujifunika uso. Ningekuwa nimetukanwa ningestahimili. Yule mama alikuwa amenipigia kuniomba wimbo, kama anavyoomba msikilizaji yeyote, na hata kabla ya ombi lake alikuwa ameweka shukrani. Ningemwacha avute pumzi moja zaidi, ningesahihisha kila kitu pale pale na wimbo ungepigwa upya, na watu waliokaa na redio Bondo wangelisikia jina la mtu wao. Nilikata ombi la adabu kuliko yote niliyowahi kupokea.

Dani akamgeukia mjukuu wake, wakazungumza Dholuo ya haraka ambayo sikuifuata. Adhiambo alikuwa anakataa, hilo lilionekana kwa mabega. Mwishowe alijifuta mikono akaja mbele yangu.

"Dani anataka kuisikia kwa redio, si kwa simu yangu. Sawa. Nitairudisha na utaicheza. Lakini usiseme kitu, Baba. Usitaje jina langu, wala jina la wimbo, wala pole. Usiseme kitu."

Jumamosi iliyofuata niliketi mbele ya maikrofoni nikaizima. Mnaofanya kazi hii mnajua kwamba hewa ikiwa kimya mkubwa anakuja mbio. Nikaupiga wimbo, na kwa mara ya kwanza nikausikia wote, masikio yote mawili. Mwishoni, pale nilipokuwa nimeweka honi, yule mtoto anaita jina la mama yake, taratibu, kama mtu anayegonga mlango asiamshe nyumba. Sitalitaja. Si langu kulitaja.

Simu ikaita. Mama Pendo akaiunganisha hewani bila kuniuliza. Ilikuwa Bondo. Dani akasalimia. Akawasalimia watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja, akawashukuru waliokuja mazishini, akasema marehemu alikuwa anapenda kupika nini na alimkaribisha nani. Saa ya taarifa ya habari ikafika. Msomaji habari alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake, na mkubwa wangu nyuma ya kioo anajipitishia kidole shingoni, kata, kata! Mikono yangu niliikalia. Dani alisema mpaka akasema, "Hayo tu. Nimemaliza," akakata mwenyewe. Habari zilichelewa, nikapata barua ya onyo, na haikuniuma hata kidogo.

Mnanisubiri niseme tulipatana. Dani alinisamehe, nami naamini. Adhiambo anaimba, Gugumaji inaendelea kutoa nyimbo, na hilo ndilo kubwa. Lakini hanitumii tena. Nyimbo zao mpya zinakwenda kwa yule kijana wa stesheni nyingine, ambaye nasikia huwa anapiga simu kwanza. Sikumlaumu Adhiambo. Nilistaafu bila kupokea hata wimbo mmoja kutoka kwake.

Kwa hiyo nikiwaambia mpigieni mtu simu kabla ya kupiga wimbo wake, mumuulize jina linatamkwaje na anaimba nini, msidhani nafundisha kutoka kwenye kitabu. Waswahili wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Ni uongo. Huambiwa, ila aulize.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, redio imewashwa, wimbo mgeni ukaanza. Sauti nikaijua mara moja. Kinyozi, kijana wa Migosi, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mzee, umesikia hapo anavyosema?" Zamani ningecheka na kujifanya nimesikia. Nikamwambia nimesikia lakini sikuelewa, na nikamwomba anieleze. Akazima mashine akaanza kunieleza, neno kwa neno, nami nimekaa pale nimenyolewa nusu kichwa, naona haya, nasikiliza.